Berlin kwa miguu: mwongozo wa siku tatu kwa mwanafunzi wa kubadilishana kutoka Afrika Mashariki

Wiki ya pili tangu nifike Berlin kwa muhula wangu wa kubadilishana, tulipelekwa ziara ya basi. Sehemu tisa kwa saa nne. Tunashuka, tunapiga picha, tunapanda. Usiku mama akanipigia akitaka habari, nikamtajia lango, ukuta, kanisa lililopigwa mabomu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na pale Wazungu walipokaa kutugawana Waafrika ni wapi, mwanangu?" Sikuwa na la kumjibu. Baadaye nikaja kujua kwamba basi letu lilipita mtaa huohuo, na hakuna aliyefungua mdomo.

Tangu hapo nimewatembeza wenzangu wengi, wa Dar, wa Kisumu, wa Kigali, wa Bukavu. Mwongozo huu umetokana na matembezi hayo. Unamfaa mtu mwenye siku tatu, viatu vizuri na pesa kidogo. Majengo yanayojulikana dunia nzima yamo, ila nimeyapanga ili mtu wa kwetu aone jinsi mji huu ulivyofungamana na nyumbani kwake.

Hatua ya 1: Punguza orodha

Andika kila unachotaka kuona, kisha futa nusu. Sehemu nne kwa siku zinatosha, na kati ya hizo moja tu iwe makumbusho makubwa. Makumbusho huchosha kuliko barabara. Saa mbili za kusimama na kusoma vibao humaliza miguu na kichwa kwa pamoja. Kipimo changu ni hiki: kama jioni siwezi kumweleza mtu wa nyumbani kilichotokea mahali pale, basi nilipita tu, sikufika.

Angalia na siku za wiki. Makumbusho mengi ya Berlin hufungwa Jumatatu, kwa hiyo Jumatatu iwe siku ya nje. Jumapili maduka hufungwa karibu yote isipokuwa yaliyo ndani ya stesheni kubwa. Nunua mkate, matunda na maji tangu Jumamosi. Na maji yenyewe, ukishanunua chupa moja, endelea kuijaza bombani. Maji ya bomba ya Berlin ni salama kunywa. Chupa ukichoka nayo usiitupe. Ile ya plastiki yenye alama ya amana inakurudishia senti 25 kwenye mashine ya duka lolote kubwa.

Hatua ya 2: Nyaraka, na nafasi ya Bunge

Tembea na pasipoti au kadi ya kibali cha kuishi, na kadi ya chuo. Kadi ya chuo ni pesa: kwenye dirisha la tiketi tafuta neno *ermäßigt*, maana yake bei iliyopunguzwa, na wanafunzi wamo humo mara nyingi. Beba pia sarafu za euro moja na mbili kwa ajili ya makabati ya mizigo, kwa sababu begi la mgongoni haliruhusiwi ndani ya makumbusho mengi, na za senti 50 kwa vyoo.

Jambo moja halisubiri siku ya safari, nalo ni kuba la kioo juu ya Bunge, jengo liitwalo Reichstag. Kuingia ni bure, lakini unajiandikisha mapema kwenye tovuti ya Bunge, Bundestag, kwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya kila mmoja wenu. Jiandikishe wiki mbili tatu kabla, hasa kiangazi. Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Sisi wenye majina matatu au manne huwa tunachagua mawili tunayoyapenda. Mlangoni linalosomwa ni la pasipoti.

Hatua ya 3: Tiketi ya usafiri

Ukiwa umesajiliwa chuoni Ujerumani, uliza ofisi ya wanafunzi kama ada yako ya muhula ina tiketi ya usafiri ndani yake. Ikiwemo, unapanda mabasi, tramu, treni za chini ya ardhi (U-Bahn) na treni za mjini (S-Bahn) bila kulipa zaidi, na katika mpango wa sasa wa vyuo vingi hata treni za kawaida za mikoa nchi nzima. Treni za mwendo kasi hazimo.

Usipokuwa nayo, nunua tiketi ya siku. Mji umegawanywa kanda tatu, A, B na C. Kwa mwongozo huu wote AB inatosha. Sasa sikiliza vizuri. Ukinunua tiketi ya karatasi kwenye mashine, mara nyingi inatoka haijagongwa muhuri. Kwenye jukwaa la treni utaona kisanduku kidogo kimesimama, chenye tundu la kuingizia tiketi. Ichomeke humo mpaka usikie mlio, ndipo saa na tarehe zinachapwa. Bila huo muhuri, tiketi uliyoilipia kwa jasho lako ni sawa na hakuna. Berlin haina mageti ya kuzuia watu, ina wakaguzi, na baadhi yao huvaa nguo za kiraia. Faini ni euro 60, na kusema "sikujua" hakupunguzi hata senti.

Hatua ya 4: Saa, baridi na kundi

Kama kundi lenu lina Waswahili na wasio Waswahili, kubalianeni mapema mnatumia saa ipi. Nimeona wenzetu wawili wakigandia stesheni asubuhi kwa sababu mmoja aliandika "saa nne" akimaanisha ya kwetu, na Mghana akasoma saa 4:00 ya jioni. Mkiandikiana, andikeni 10:00 kwa mtindo wa Kijerumani. Na wakisema 10:00, ni 10:00.

Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Juni mwanga upo mpaka baada ya saa tatu usiku. Ukienda majira ya baridi, weka sehemu za nje asubuhi na za ndani alasiri. Vaa nguo nyepesi kadhaa juu ya nyingine, uweze kuvua moja moja. Ndani ya makumbusho kuna joto na koti zito litakutesa. Miguu ndiyo huingiza baridi mwilini. Soksi mbili, viatu vyenye soli nene.

Kundi lisizidi watu sita. Wakizidi hapo, nusu ya siku inaishia kusubiriana vyooni.

Siku ya kwanza: kutoka Bungeni mpaka Wilhelmstraße

Anzia Reichstag asubuhi mapema. Jengo lilifunguliwa 1894. Usiku wa tarehe 27 Februari 1933, wiki nne baada ya Hitler kufanywa Kansela, liliungua, na moto ule ukawa kisingizio cha kufuta haki za raia. Ishike tarehe hiyo, 27 Februari. Utakutana nayo tena mara mbili. Kuba la kioo la sasa lilibuniwa na Norman Foster na kukamilika 1999. Chukua kifaa cha maelezo cha masikioni, hakina malipo, kisha panda njia ile inayozunguka. Ukifika juu, tazama chini: ukumbi wa wabunge uko miguuni pako. Walipanga makusudi mwananchi awe juu na mwakilishi wake chini.

Ukitoka, Lango la Brandenburg liko dakika tano kwa miguu. Lilimalizika 1791. Gari la farasi wanne lililo juu yake lilibebwa na Napoleon mpaka Paris mwaka 1806, likarudishwa 1814. Nawaomba wenzangu walikumbuke hilo watakapofika kwenye makumbusho: Wajerumani wenyewe wanajua uchungu wa kuchukuliwa kitu chao na furaha ya kukiona kimerudi. Nyuma ya lango, upande wa magharibi, angalia chini. Mistari miwili ya mawe imelazwa katikati ya lami. Hapo ndipo ulipopita Ukuta wa Berlin, uliougawa mji kuwa Mashariki na Magharibi.

Dakika tano tena kuelekea kusini ni Kumbukumbu ya Wayahudi wa Ulaya waliouawa: nguzo 2,711 za zege, kazi ya Peter Eisenman, iliyofunguliwa 2005. Pembeni nguzo ziko chini kama benchi. Ukizidi kuingia, ardhi inashuka na nguzo zinakupita kimo mpaka sauti ya mji inapotea. Ingia peke yako. Hapa hapakaliwi juu, hapapandwi, na picha za kujipodoa zisipigwe. Watu milioni sita wanakumbukwa mahali hapa. Kuna ukumbi chini ya ardhi wenye barua na majina ya familia, bure, lakini foleni huwa ndefu.

Sasa tunafika kwenye swali la mama. Kutoka kwenye kumbukumbu nenda mashariki hadi Wilhelmstraße, kisha ufuate mtaa kuelekea kusini ukitafuta namba 92 ya sasa, iliyokuwa 77 zamani. Utatarajia kasri. Hakuna. Kuna magorofa ya kawaida ya kuishi, yaliyojengwa mwishoni mwa enzi ya Ujerumani Mashariki, watu wameanika maua barazani, na kando ya njia kuna kibao cha maelezo ambacho wapita njia wengi hawakitupii jicho. Hapo palikuwa na jumba la Kansela Bismarck. Kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885, wajumbe wa nchi 14 walikaa humo kuzungumzia Afrika. Mwafrika hakuwepo hata mmoja.

Simama usome taratibu, kwa sababu habari hii husimuliwa kwa haraka. Wengi tumefundishwa kwamba walichora ramani yote mezani pale. Walichoandika hasa ni kanuni za kugombea: anayedai pwani aishike kwa vitendo na awaarifu wenzake. Pamoja na hayo, dola ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kule Kongo ikatambuliwa. Mistari mingi ya mipaka yetu ilichorwa miaka iliyofuata kwa kutumia kanuni hizo.

Mkutano ulifungwa tarehe 26. Kesho yake, tarehe 27 Februari 1885, Kaizari akaipa kampuni ya Carl Peters hati ya ulinzi juu ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, kwa msingi wa mikataba ambayo Peters aliizungukia vijijini miezi michache tu kabla. Sultani Barghash wa Zanzibar alipinga. Agosti mwaka huohuo manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya mji wake, na pingamizi likaisha. Haya yote yanaanzia kwenye kipande hiki cha njia ambapo leo mama anasukuma gari la mtoto. Mpigie picha kibao chote kisomeke, utume nyumbani. Mimi nilimtumia mama.

Malizia siku kwenye makumbusho ya Topographie des Terrors, Niederkirchnerstraße, mwendo wa dakika 10 hivi. Ni bure. Hapa palikuwa makao makuu ya Gestapo, polisi wa siri wa Hitler, na ya SS, kikosi cha chama chake, na kando yake kumebaki kipande kirefu cha Ukuta wa Berlin. Usijaribu kusoma kila bango, hutaweza. Chagua sehemu moja, ile inayoeleza jinsi polisi walivyowaandika watu kwenye mafaili na kuwachukua, uisome vizuri. Siku ya tatu utamkuta mtu wa Dar es Salaam aliyekamatwa na Gestapo haohao.

Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha ukaguzi kwenye Ukuta, iko karibu. Pitia kama huna haraka. Kibanda kile ni cha kuiga, si cha asili, na kukiwa na wachezaji wa kamari ya kuficha mpira chini ya vikombe, usitoe pesa hata kidogo: wanaoshangilia na kushinda ni wenzao.

Siku ya pili: mstari mmoja wa treni, U6

Siku hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na inahitaji treni moja tu. Panda U6 ushuke kituo cha Naturkundemuseum, yaani makumbusho ya historia ya viumbe. Jengo liko Invalidenstraße 43. Jumanne hadi Ijumaa hufunguliwa 9:30. Mwishoni mwa wiki 10:00. Fika mlango unapofunguliwa, kwa sababu baada ya saa moja ukumbi hujaa watoto wa shule. Angalia pia tovuti yao siku moja kabla, maana jengo liko katika ukarabati wa miaka mingi na kumbi hufungwa kwa zamu.

Ukiingia ukumbi mkubwa, unamkuta dinosaria wetu, mifupa yake imesimamishwa. Kimo mita 13.27, shingo imeinuka kama mnazi. Kitaalamu anaitwa Giraffatitan brancai, aliishi miaka kama milioni 150 iliyopita, na ametoka Tendaguru, Lindi. Kwetu wanamwita mjusi mkubwa. Alichimbwa kati ya 1909 na 1913, wakati wa utawala wa Wajerumani. Wanasayansi wanaotajwa kwanza ni Werner Janensch na Edwin Hennig. Wewe shika na jina la Boheti bin Amrani, msimamizi mkuu wa wachimbaji, aliyejua kufukua na kufunga mifupa ile isivunjike. Mamia ya watu walifanya kazi pale, na mizigo ikabebwa kwa vichwa na mabega, mwendo wa siku kadhaa, mpaka bandari ya Lindi. Jumla ya mifupa na udongo uliosafirishwa ilizidi tani 200.

Mwenzetu mmoja mzaliwa wa Lindi alisimama chini ya mguu wa mbele wa mnyama yule, akainua uso, akakaa kimya kitambo. Pale ulipo mguu, mfupa wa paja la mbele peke yake unampita mtu mzima kimo, rangi yake kahawia ya udongo wa kule, na ukisogea unaona nyufa zilizounganishwa kwa plasta. Kisha akasema, "Babu alikuwa akisimulia kwamba wazee wake walibeba mawe ya Wajerumani mpaka pwani, wakalipwa rupia. Sisi tulijua ni mawe."

Zunguka ukumbi usome vibao. Kentrosaurus yule mwenye miiba mgongoni ni wa Tendaguru pia, na wapo wengine. Mjadala wa kumrudisha mjusi mkubwa, au angalau kwetu kufaidika naye, umesikika bungeni Tanzania zaidi ya mara moja. Mimi naona mwanafunzi akitoka hapa anapaswa kuwa na msimamo wake, na aweze kuutetea kwa hoja. Jadilianeni mkiwa mmekaa kwenye ngazi za nje na mkate wenu.

Panda tena U6, uelekeo wa kaskazini, ushuke Rehberge au Afrikanische Straße. Uko Wedding, kwenye eneo linaloitwa Afrikanisches Viertel, Mtaa wa Afrika. Majina ya kwanza yaliwekwa 1899, kusherehekea makoloni. Tembea tu ukisoma nguzo za barabara: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße, Ugandastraße, Kongostraße. Ni mtaa wa watu wa kawaida, nguo zimeanikwa, vibanda vya kebabu, duka la nywele, na ukisikia njaa hapa chakula ni nafuu kuliko katikati ya mji. Muulize muuzaji kama nyama ni halali, atakujibu bila kinyongo.

Kisha itafute Maji-Maji-Allee. Inakutana na Anna-Mungunda-Allee kwenye Manga-Bell-Platz. Barabara hizi mbili zilikuwa moja, na ilipewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yuleyule wa hati ya ulinzi. Mwaka 1986 wakuu wa mji wakasema jina libaki lakini limkumbuke Peters mwingine. Wakazi, wanaharakati na Waafrika wa Berlin hawakuridhika, wakaendelea kudai kwa miaka mingi, na Agosti 2024 vibao vipya vikapandishwa. Upande mmoja Anna Mungunda, mwanamke wa Namibia aliyepigwa risasi Windhoek mwaka 1959. Upande wa pili vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Uwanja wenyewe umekuwa na jina la Rudolf Duala Manga Bell wa Kamerun, aliyenyongwa na Wajerumani 1914, tangu Desemba 2022.

Simama chini ya nguzo ya Maji-Maji-Allee. Neno letu, maji, limeandikwa mara mbili kwenye bati la mji mkuu wa Ujerumani. Hapo ndipo huwa nawakumbusha wenzangu ile tarehe: Songea, tarehe 27 Februari 1906, viongozi na wapiganaji wa Kingoni zaidi ya 60 walinyongwa. Ilikuwa miaka 21 kamili tangu hati ile isainiwe Berlin. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea akaomba msamaha mbele ya wajukuu wa waliouawa. Kama mna mtu wa Ruvuma kwenye kundi, mpeni nafasi azungumze, wengine nyamazeni. Siku moja dada mmoja wa Peramiho alituimbia pale barabarani wimbo wa bibi yake, na mzee wa Kijerumani aliyekuwa na mbwa wake akasimama mpaka ulipoisha, akavua kofia, akaenda zake.

Ukirudi kwa U6 na bado una nguvu, shuka Friedrichstraße. Kando ya stesheni kuna ukumbi wa kioo unaoitwa Tränenpalast, Kasri la Machozi, ambako watu wa Mashariki waliagana na ndugu zao wa Magharibi. Ni bure, saa moja inatosha.

Siku ya tatu: Unter den Linden, Ukuta, na jiwe la Brunnenstraße

Asubuhi tembea Unter den Linden kuelekea mashariki. Bebelplatz, katikati ya uwanja, kuna kioo kimelazwa ardhini. Chini yake chumba cheupe chenye rafu tupu za kutosha vitabu 20,000. Tarehe 10 Mei 1933 wanafunzi, watu wa rika letu, walichoma vitabu hapa. Mkabala na uwanja ni Chuo Kikuu cha Humboldt. Katika chuo hicho, chini ya Seminari ya Lugha za Mashariki, Kiswahili kimefundishwa tangu 1887, kwanza kwa ajili ya maofisa wa koloni. Waliofundisha ni pamoja na watu wa pwani yetu, kama Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Kisiwa cha Makumbusho kiko mbele yako. Chagua jengo moja. Ukichagua Neues Museum, ipo sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, iliyochimbuliwa Amarna mwaka 1912, nayo haipigwi picha. Pergamon limefungwa tangu Oktoba 2023 kwa ukarabati. Humboldt Forum, kasri lililojengwa upya ng'ambo ya barabara, lina mikusanyiko ya Afrika. Hifadhi za makumbusho ya Berlin zina maelfu ya vitu vya kutoka Tanzania, na baadhi viliporwa katika vita vya Maji Maji. Mkiona kitu mnachokijua, ngao, kigoda, ngoma, someni kibao kwa swali moja: kilichukuliwa na nani, mwaka gani? Makumbusho inayojiheshimu itakuwa imeandika.

Saa nane mchana shukeni Alexanderplatz, mpande U8 mpaka Bernauer Straße. Hii ndiyo sehemu ya kuuelewa Ukuta, kuliko East Side Gallery, kile kipande cha Ukuta chenye michoro, ingawa nayo ni nzuri. Ukuta ulianza kuwekwa usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961 na ukafunguliwa 9 Novemba 1989. Kwenye mtaa huu nyumba za upande mmoja zilikuwa Mashariki, lakini njia ya miguu iliyo chini ya madirisha yake ilikuwa Magharibi. Watu wakaruka. Ida Siekmann, mwanamke wa miaka 58, aliruka kutoka dirishani tarehe 22 Agosti 1961 akafa; anahesabiwa wa kwanza kati ya watu wasiopungua 140 waliofia Ukutani. Panda kwenye mnara wa kutazamia ng'ambo ya barabara. Ukiwa juu unaona ukanda wa mauti kama ulivyokuwa, kuta mbili, mchanga katikati, taa, na bustani kimya. Kila kitu hapa ni bure.

Kutoka kituo cha U8 cha Bernauer Straße, shuka na Brunnenstraße kuelekea kusini kama dakika 10, ukihesabu namba mpaka 193. Usitazame ukuta wa nyumba. Tazama chini, mbele ya mlango, kwenye mawe ya njia. Kuna kipande cha shaba cha mraba, upana wake kama sentimita 10, hakijai kiganja. Wajerumani huyaita *Stolpersteine*, mawe ya kujikwaa. Msanii Gunter Demnig ndiye aliyeanzisha kazi hii, na kila jiwe liko mbele ya nyumba ya mwisho ambayo mtu aliishi kwa hiari yake kabla ya Wanazi kumchukua.

Hili ni la Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari Mwafrika wa jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe akatumikia jeshi hilo Vita vya Kwanza akiwa mtoto wa miaka 10. Mwaka 1929 alikuja Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake uliokuwa haujalipwa. Wakamkatalia. Akabaki, akawa mhudumu katika jumba la starehe karibu na Potsdamer Platz, akacheza sehemu ndogo ndogo kwenye filamu, na akafundisha Kiswahili katika chuo kile tulichokipita asubuhi. Mwaka 1933 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1941 Gestapo walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mweupe, wakampeleka kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Jiwe liliwekwa 2007.

Njoo na kitambaa laini. Shaba hufifia kwa mvua na viatu, na wenyeji wana desturi ya kuyasugua mawe haya, hakuna atakayekushangaa. Piga goti pembeni, usizibe njia ya baiskeli, futa taratibu mpaka herufi zing'ae, kisha msome jina lake kwa sauti, kwa matamshi ya kwetu. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza ilikuwa Novemba, vidole vimekufa ganzi, na kijana wa Zanzibar tuliyekuwa naye akasoma Fatiha.

Ukiwa na siku ya nne, Sachsenhausen iko Oranienburg: S1 hadi mwisho wa mstari, tiketi ya kanda ABC, kuingia bure. Nenda asubuhi, na usiende peke yako. Kwa leo, Rosenthaler Platz iko hatua chache mbele yako, na U8 hukurudisha Alexanderplatz kwa dakika tano.